Miaka Niliyosoma Rula ya Mto

Mume wangu alikuwa msomaji wa mto. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani natania, lakini ilikuwa kazi, na ofisi ya maji ilimlipa posho kwa kazi hiyo. Kwenye mto wetu mdogo, ule unaoteremka kutoka kilimani nyuma ya nyumba zetu kule Kenyamonta hadi kuingia Mto Mara, walikuwa wamesimamisha vibao vitatu vya bati vyeupe vilivyofungwa kwenye vyuma, vikiwa na mistari na tarakimu nyeusi. Kibao cha chini kilikaa majini mwaka mzima. Cha pili kilikuwa ukingoni. Cha tatu kilikuwa juu zaidi, karibu na njia ya ng'ombe, na tangu kiwekwe maji hayakuwahi kukifikia. Watu wa kijijini waliviita rula. Mume wangu ndiye aliyechimba mashimo ya vyuma hivyo akishirikiana na mafundi wa ofisi, na kwa kuwa alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulisomeka, wakamwachia daftari na kalamu. Saa moja asubuhi alishuka mtoni, akaangalia maji yamegusa mstari gani, akaandika. Saa kumi na moja jioni alirudi tena.

Mimi niliolewa pale nikitokea upande wa Tarime, na mwanzoni niliona kazi hiyo inachekesha, mwanaume mzima anaenda kutazama maji halafu anarudi kula. Baadaye nikaizoea, na baadaye zaidi nikaipenda. Alinifundisha kuchuchumaa ili jicho liwe sawa na maji, nisisome nikiwa nimesimama. Nisubiri wimbi litulie. Na niandike ninachokiona, hata kama jana kilikuwa tofauti.

Mto ule ulikuwa na tabia unayoweza kuizoea. Mvua kubwa ikinyesha kilimani leo, maji yalipanda kesho, kidogo kidogo, yakakaa juu siku tatu au nne, kisha yakashuka bila haraka. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, si zaidi. Mwezi wa nane na wa tisa, nyasi zimekauka na ng'ombe wamekonda, mto ulipungua mpaka katikati ya kibao cha chini, lakini haukukauka hata siku moja. Kilima chenyewe kilikuwa msitu. Nilipanda huko kuokota kuni na kuchuma uyoga, na mguu ulikuwa ukizama kwenye majani yaliyooza mpaka kwenye kifundo. Hata kiangazi ukiyafukua majani yale unakuta udongo una unyevu.

Halafu habari za dhahabu zikaja kutoka ng'ambo ya Mara, Nyamongo. Kwanza waliondoka wasio na mashamba, wakafuata wenye mashamba, na mwishowe hata fundi aliyekuwa anatujengea zahanati akaacha ukuta umefika usawa wa dirisha. Mume wangu aliondoka asubuhi moja, baada ya kusoma mto. Alinipa daftari na kusema atachimba mwezi mmoja tu. Niwe nasoma mimi, niandike kama yeye, na mwisho wa ukurasa niweke jina lake. Ofisi iko mbali, alisema, na namba ni namba. Nilikubali. Mwezi mmoja ukawa miwili, ikawa msimu, na mimi nikawa msomaji wa mto kwa jina la mtu mwingine.

Hakututupa. Kila mwisho wa mwezi alikuja mtu mzima mmoja mwenye kovu kwenye shavu, akaleta sukari, sabuni, na salamu. Aliniita shemeji. Alisema mume wangu hajambo, kazi ni nyingi, atakuja. Nilidhani wanachimba pamoja.

Wakati huo huo tulianza kusikia mashoka kilimani. Sababu haikuwa siri. Shimo la dhahabu, ambalo wachimbaji huliita duara, likienda chini sana kuta zake hushikiliwa na magogo, na magogo hayo huitwa matimba. Duara lisilo na matimba huua. Wazee wa ukoo walikaa ritongo, baraza lao, wakaulizwa kama miti ya kilimani inaweza kukatwa, na wakakubali. Siwalaumu hata leo. Karibu kila mmoja wao alikuwa na mtoto au mjukuu chini ya ardhi kule Nyamongo. Nani angekataa kutoa mti wa kumzuia mwanawe asifukiwe? Wakataji waliweka kambi upande wa pili wa kilima, ambako malori yaliweza kufika, kwa hiyo sisi wa huku tulisikia tu. Mti mkubwa ukianguka kuku walikimbilia ndani. Ikafika mahali hata kuku wakazoea.

Msimu wa kwanza wa masika baada ya hapo, niliona mambo kwenye rula ambayo sikuyaelewa. Maji yalipanda siku hiyo hiyo ya mvua badala ya kesho yake, na asubuhi yalikuwa yamekwishashuka. Yalikuwa mekundu, na ukiyachota kwenye ndoo na kuyaacha, chini kulibaki udongo unene wa vidole viwili. Nilifikiri labda ninakosea kusoma. Nilichuchumaa zaidi, nikasubiri zaidi. Namba zilikuwa zile zile.

Jioni ninayotaka kuieleza, jua lilikuwa linawaka kwetu. Wingu lilikuwa nyuma ya kilima tu, jeusi, na ngurumo ilisikika mbali. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye rula. Mama mkwe wangu alikuwa anarudi kutoka kwa dada yake ng'ambo, na kapu la udaga, mihogo mikavu, kichwani. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mkimya, aliyeniita mokamona, yaani mke wa mwanangu, hata mbele ya wageni. Alikuwa amevuka kivuko kile cha mawe, chini kidogo ya rula, tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Aliyajua mawe yake kwa nyayo. Nilimwona anaingia majini, maji yakiwa chini ya magoti, nikarudisha macho kwenye kibao.

Kwanza ilikuja harufu, kama ya shamba lililolimwa sasa hivi. Kisha mlio, nikadhani ni lori. Nilipoinua macho, maji yalikuwa yanakuja kwenye kona yamesimama kama ukuta wa kufika kiunoni, mazito kama uji, yamebeba magome, matawi na magogo yaliyokatwa ncha. Nilirukia njia ya ng'ombe, yakapita mbele yangu. Kibao cha chini kilipotea, cha pili kikapotea, na maji yakapanda kwenye cha tatu, kile ambacho hayakuwahi kukigusa. Na mimi nikasoma. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Jicho langu lilikwenda kwenye tarakimu, kichwa kikaishika, na ndipo niliposikia sauti ya mama mkwe.

Gogo lilikuwa limempiga mguuni na kumwangusha. Nilimwona mara moja, mkono na kitambaa cha kichwa, halafu sikumwona. Nilikimbia ukingoni nikiita watu. Kwenye kona inayofuata kulikuwa na mkuyu ambao mizizi yake ilikuwa nje, na maji yalikuwa yamemsukuma humo, ameishika kwa mikono miwili. Jirani yetu, mwanaume aliyekuwa anachunga karibu, aliingia akiwa amefungwa kamba ya ng'ombe kiunoni, mimi na mke wake tukaishika kamba. Tulimtoa. Mguu wake ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Mdomo na pua vilikuwa vimejaa matope, nikayatoa kwa vidole vyangu kama mtu anayemsafisha mtoto mchanga. Alipoweza kusema, alisema neno moja tu.

"Maji haya si ya hapa."

Asubuhi nilipokwenda mtoni, mto ulikuwa umerudi kwenye kibao cha chini, mdogo kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila kila kitu kilikuwa kimepakwa udongo mwekundu, na mawe ya kivuko hayakuonekana tena. Nilifungua daftari nikaandika tarakimu ya jana. Ile namba ilikaa vibaya kwenye mstari, nikaiacha hivyo.

Mume wangu alipata habari akaja siku ya tatu. Alimpeleka mama yake hospitali Tarime, akamrudisha na plasta ya mguu, akakaa siku chache. Alikuwa amenenepa kidogo na viatu vyake vilikuwa safi, nikaviona lakini sikuuliza. Alishuka mtoni peke yake. Nilimfuata kwa mbali, nikamwona ameweka kidole kwenye kibao cha tatu, pale matope yalipoishia. Daftari hakuliomba. Kesho yake aliondoka.

Bwana maji alikuja masika yakiisha. Tulimwita hivyo mzee mmoja wa ofisi, mwenye miwani, aliyekuja na pikipiki mara moja au mbili kwa mwaka kuchukua kurasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akauliza mume wangu yuko wapi. Nikasema amefika dukani. Alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari, na nikaona uso wake unabadilika kadiri anavyogeuza kurasa. Alisema amesoma mito ya mkoa huu tangu akiwa kijana, na mto mdogo namna hii haupandi kiasi hicho jioni na asubuhi ukawa chini. Alisema hizi ni namba za mtu aliyekaa kwenye pombe, akajaza wiki nzima kwa mkupuo. Atamwondoa mume wangu kazini na ataandika sababu. Kisha akaweka kidole kwenye ile tarakimu iliyokaa vibaya, akasema hii hata aliyeitunga aliona aibu, tazama mwandiko wake.

Nilikuwa nimesimama na sinia ya chai mkononi. Nilishtuka, na si kwa hofu ya kugunduliwa kwamba msomaji ni mimi, kwani hilo nililitegemea. Nilishtuka kwamba mtu anaweza kuitazama namba ile na kuuona uongo.

"Hiyo niliisoma mimi," nikamwambia. "Mume wangu hayupo, yuko Nyamongo tangu mwaka jana. Wakati naisoma, mama yake alikuwa majini."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya mkeka. Aliyasikia yote. Alivuta gauni kidogo, akamwonyesha mguu, ambao plasta ilikuwa imetolewa wiki ile na ulikuwa umepona ukiwa umepinda. Mzee yule alivua miwani.

Aliomba nimpeleke mtoni. Huko aliangalia matawi ya mkuyu yenye takataka zilizonasa juu ya kichwa chake. Aliangalia kibao cha tatu. Alipima kwa fimbo mahali kibao cha chini kilipoingia ardhini, akaona mchanga umekula tarakimu za mwanzo. Kisha akauliza kuna nini huko juu, nikasema wanakata miti. Akasema twende.

Sikuwa nimepanda kilima tangu masika yaanze. Tulipita sehemu ya kwanza ambayo ilikuwa bado na vichaka, tukatokea mgongoni, na hapo nikasimama. Hakukuwa na msitu. Kulikuwa na visiki, vingi kuliko watu kwenye mnada, na katikati yake ardhi nyekundu, ngumu, iliyopasuka. Njia ya malori ilikuwa imekuwa korongo la kumzamisha mtu aliyesimama. Mizizi ilining'inia pembeni mwa korongo. Nilitafuta mahali nilipokuwa nikichuma uyoga, na sikuweza hata kukisia ni upande gani.

Bwana maji alitoa chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kidogo juu ya ule udongo mtupu. Maji yaliteremka papo hapo, yakichukua vumbi, yakaingia kwenye korongo. Akarudi hatua chache kwenye kichaka kilichobaki, akafukua majani kwa mkono, akamimina tena. Maji yalizama, hakuna hata tone lililokwenda upande. Alinieleza kwa maneno mepesi kwamba msitu ulikuwa unayameza maji ya mvua na kuyatoa polepole, ndiyo maana mto ulipanda kesho yake na ukadumu kiangazi. Sasa hakuna wa kuyameza, yanashuka yote kwa pamoja, yamebeba udongo. Akaniomba radhi. Alisema namba zako ni za kweli, mwanangu, ni mimi ambaye sikuwa tayari kuziamini.

Tulikuwa bado tumesimama pale walipotokea wakataji watatu na misumeno begani. Wa mbele alikuwa na kovu kwenye shavu. Alinifahamu kabla sijamfahamu, kwa sababu siku zote nilikuwa nimemwona na mfuko wa sukari.

"Shemeji, mbona umepanda mpaka huku? Tajiri amekutuma?"

"Tajiri gani?"

Alicheka, akadhani nafanya mzaha. "Mumeo, shemeji. Tunamsubiri na lori tangu jana."

Nilikaa kwenye kisiki kilichokuwa karibu. Kilikuwa bado kinatoa utomvu, ukaingia kwenye khanga yangu. Nakumbuka nilikuwa naufuta ule utomvu kwa bidii, kana kwamba ndilo jambo lililohitaji kushughulikiwa wakati ule. Sukari tuliyokunywa. Sabuni niliyomwogeshea mama yake baada ya kumtoa kwenye matope. Mtu aliyelipwa kuusoma mto ndiye aliyekuwa anaukata kichwa huku juu, na mimi nilikuwa naandika jina lake chini ya kila ukurasa. Bwana maji alinitazama, kisha akawaambia wale watu waende na kazi zao. Tuliteremka. Nyumbani alifungua daftari, akakata jina la mume wangu kwa rula na kalamu nyekundu, akaandika langu. Alisema posho itakuja kwa jina hilo.

Nilimtumia mume wangu ujumbe kwamba arudi nyumbani siku hiyo hiyo, na akaja. Nilimsubiri nje ili mama yake asisikie, ingawa nadhani alisikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na yote yakanipotea. Nilimuuliza tu kama alijua.

Alikaa chini. Aliniambia alichimba miezi miwili tu. Duara la jirani yao lilianguka, halikuwa na matimba, na yeye alikuwa miongoni mwa waliofukua. Alimtoa mtu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, amekwisha kufa. Baada ya hapo hakuweza kushuka tena, na aliona watu wanahangaika kutafuta magogo, na alijua kilima kilipo.

"Nilijua maji yatachafuka," akasema. "Sikujua kwamba yatakimbia."

Nilimwamini. Hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi kuieleza. Ningepata nafuu kama angekuwa amenidanganya tena. Nilimwambia mguu wa mama yake umepinda kwa sababu ya magogo yake mwenyewe, na akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Hata hivyo hakuacha. Alikuwa ameahidi mizigo kwa watu, na alisema asipokata yeye watakata wengine, na kweli wengine walikuwa wanakata. Kabla ya masika mengine kilima kilikuwa kimekwisha, na biashara ikaisha yenyewe. Alirudi nyumbani. Tuliishi kama watu wanaotembea ndani ya chumba chenye mgonjwa, kwa sauti ndogo.

Kiangazi kilichofuata mto ulisimama. Nilishuka saa moja asubuhi nikakuta madimbwi mawili na mchanga katikati. Nilikaa na daftari nisijue niandike nini. Sikuwa nimefundishwa alama ya kutokuwepo kwa maji. Mwishowe nikaandika neno: hakuna. Mama mkwe alitaka kwenda kuona. Nilimshika mkono mpaka ukingoni, akachomeka mkongojo wake kwenye mchanga pale kivuko kilipokuwa, akautumia kuyatafuta mawe yake, hakuyapata. Akaniomba tugeuke turudi.

Kila masika mto ulileta kipande kingine cha kilima. Mchanga ulifunika kibao cha chini chote, ukapanda hadi nusu ya cha pili, na namba zangu zikawa hazina maana tena, kwa sababu hakuna aliyejua sifuri iko wapi. Bwana maji alikuja kwa mara ya mwisho na majembe, akisema lazima tukifukue kibao cha kwanza ili ajue udongo umepanda kiasi gani. Mume wangu alisema atachimba yeye, kwa kuwa ndiye aliyekiweka. Alivua shati akaanza. Alichimba mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Ukuta wa shimo ulikuwa na mistari, mwekundu, kisha mchanga, kisha mweusi wenye vipande vya mkaa na magome, kisha mwekundu tena, na bwana maji alinionyesha kwamba kila mkanda ni mvua moja kubwa. Niliutafuta ule wa siku ya mama mkwe. Ulikuwa chini, mpana kama mkono. Mume wangu aliushika kwa kiganja na kukaa hivyo muda mrefu, nasi hatukumharakisha. Kibao hakikupatikana. Labda maji yalikuwa yameking'oa zamani. Maji yalianza kujaa miguuni mwake, tukamvuta juu.

Ofisi ilifunga kituo. Mama mkwe alifariki miaka michache baadaye, kwa maradhi ya kawaida ya uzee, na baada ya kumzika tulihamia Morotonga, ambako mume wangu alipata kazi ya kutunza kitalu cha miche ya miti. Hakuwahi kuniambia kwa nini aliichagua hiyo, na sikumuuliza.

Nilipita Kenyamonta hivi karibuni kwenda msibani. Mtoni, mama mmoja nisiyemfahamu alikuwa na ndoo mbili na jembe, anachimba katikati ya mchanga na hapati kitu. Baada ya salamu aliniuliza kama mimi ni mwenyeji, na kama najua maji yako chini kiasi gani. Nilimwambia aache hapo katikati, asogee ukingo wa kushoto chini ya mizizi ya mkuyu. Akasogea. Nilivua viatu nikamsaidia kutoa mchanga kwa mikono, mpaka ukaanza kuwa na unyevu.